Mzega Usio na Kiuno

Mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, mume wangu Nikolaus aliunda boti katikati ya Kanyenye, mjini Tabora, mahali ambapo maji mengi kuliko yote yalikuwa yale ya kwenye pipa. Watu walikuwa wanapita makusudi kuja kuicheka. Mtu anatoka sokoni, anazunguka njia nzima ili apitie uani kwetu, anatua kikapu, anacheka, anajitwisha kikapu chake, anakwenda. Nikolaus anaendelea kupiga randa kama hasikii.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Nikolaus alikuwa seremala aliyefundishwa misheni, anajua milango, madawati na majeneza. Boti aliiona mara moja tu, kwenye picha, akaikariri. Ilikuwa ya mbao za mninga, ndefu kama vitanda viwili, ina mahali pa kukaa watu sita na makasia mawili.

Hakuiunda kwa kichaa. Kwetu nilikozaliwa ni ng'ambo ya mto Wala, mbele ya Sikonge. Masika yaliyotangulia mafuriko yalipasua mtumbwi wa kivukoni, na watu wa kwetu wakafungiwa miezi minne, wanakula mboga bila chumvi. Mama yangu, Limbu, alikuwa ameanguka na mzigo wa kuni akaumia nyonga, hata kufika mtoni ilibidi abebwe. Nikolaus alipoyasikia hayo akampelekea neno: mvua haitanyesha tena kabla boti haijafika kivukoni. Na kwa desturi yetu ya wakati ule, mama mkwe ni mtu usiyemtazama usoni, usiyesema naye ana kwa ana, usiyekaa naye mkeka mmoja, usiyetaja jina lake. Kilichobaki cha kumpa ni neno lako. Ukilivunja hilo, huna tena cha kumpa.

Mimi nilikuwa na langu. Nilijifungua Alois mwezi wa nane, nikakaa ndani kama inavyotakiwa, na nilipopata nguvu za kusafiri ilikuwa Novemba. Mama yangu alikuwa hajamwona mjukuu wake. Nilitaka amwone angali na nywele zake za kuzaliwa.

Basi Jumanne moja akaja muuza asali kwa baiskeli kutoka Sikonge, magurudumu yamejaa vumbi. Nikamuuliza habari za huko.

"Vumbi tupu, mama. Mvua bado. Ila mto umeshakuja."

"Umekujaje na mvua bado?"

"Imenyesha huko juu mto unakotoka. Maji yameshuka yenyewe. Jana yalikuwa kifuani, leo sijui."

Nikolaus aliweka randa chini. Alielewa, na mimi nilielewa. Kabla ya kufika mtoni kuna mbuga ya udongo mweusi, maili mbili. Ikiwa kavu, gari linapita. Ikipata mvua ya siku moja, hata mbuzi anakwama. Mto ulikuwa umejaa, mbuga bado kavu, na mawingu tulikuwa tunayaona kila jioni yakijikusanya upande wa kusini. Zilikuwa zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole, tena vya mkono mmoja.

Bwana Pradip, mwenye duka la vyuma pale Kanyenye, alikuwa na gari lenye mgongo wazi, na kila mwezi lilikwenda Sikonge kupeleka chumvi na kurudi na nta. Safari ilikuwa Alhamisi. Akakubali boti iende, hata gari lifike mtoni, ila alishika kiuno akaiangalia akasema, "Fundi Nikolaus, ndani ya gari iko magunia ya chumvi. Hii nyumba yako utaiweka kichwani?"

Ndipo likaja wazo la tela. Dereva wa Bwana Pradip alikuwa Selemani, Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu siku za misafara ya kwenda pwani. Anaweza kukutukana, akakunyang'anya kofia, na ukinuna unajiaibisha mwenyewe. Selemani akaleta ekseli ya gari bovu pamoja na magurudumu yake mawili, akaibwaga uani.

"Nimekuletea miguu," akamwambia Nikolaus. "Mtani wangu ameunda samaki porini, sasa anataka kumfundisha kutembea."

"Wewe si mtu wa pwani? Shika msumeno unisaidie."

"Mimi nimekuja kucheka. Kazi sikuambiwa."

Lakini alisaidia. Usiku ule na kutwa ya Jumatano walifunga mbao mbili ndefu juu ya ekseli, wakazikutanisha mbele kama shingo, na kwenye ncha ya shingo wakaweka pete ya chuma ya kuingiza pini nyuma ya gari. Juu ya mbao wakachonga mategemeo mawili yaliyopinda kama tumbo la boti, wakayatandika magunia ili mbao zisisuguane. Mimi nilikuwa nanyonyesha mlangoni, nikawatupia kitendawili.

"Wawili wanambeba mmoja, wanakwenda pamoja mpaka wazeeke, hawajawahi kusalimiana."

Selemani alifikiri, msumari mdomoni. "Wake wenza."

"Magurudumu," akasema Nikolaus bila kuinua kichwa.

"Basi ni walewale," akasema Selemani.

Boti ikapandishwa kwa mikono ya watu wanane. Hapo ndipo akaingia baba mkwe wangu, Mzee Lugembe. Ujanani alibeba mizigo mara sita kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na bega lake la kulia lilikuwa na kinundu kama kiazi. Alibeba kwa mzega, ule mti wa begani wenye mzigo mbele na mzigo nyuma. Akaizunguka boti, akaigonga, akasema, "Ipimeni. Mzigo mzuri hauelemei mbele wala nyuma."

Basi wakaivuta boti mbele, wakairudisha nyuma, wakaivuta tena, mpaka shingo ya tela ikawa inaelea hewani. Nikolaus akaniita. "Mama Alois, njoo uinue kwa kidole."

Nikaja na mtoto mgongoni, nikainua kwa kidole cha mwisho. Lile tela na boti yake ya mninga likapanda kama kifuniko cha chungu. Wazee wa jirani waliokuwa wamekuja kucheka wakanyamaza, maana wote walikuwa wapagazi au watoto wa wapagazi, na kitu kilichopimwa vile walikijua. Mmoja alishika bega lake akalikanda. Nikolaus usiku ule alilala anatabasamu.

Kufunga, Mzee Lugembe hakumwachia mtu. Kamba za katani za dukani alizitupa pembeni. Akaleta kamba za gome la mti wa myombo, amezilowesha tangu asubuhi, akazizungusha, akakaza kwa goti. "Hizi zikikauka zinajikaza zenyewe," akasema. "Hata mwizi anakata tamaa."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka. Mbele tulikaa Selemani, mimi na mtoto. Nikolaus na baba yake walikaa nyuma juu ya magunia ya chumvi, wanaitazama boti inavyofuata. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika siku nyingi, kwa hiyo tulisikilizana wote. Kanyenye nzima ilikuja barabarani. Kuna mama mmoja alitupungia, akatuambia tumsalimie Nuhu.

Mpaka njia panda ya kwenda Kwihara tulikwenda vizuri, kwa kuwa barabara ilikuwa na mashimo na Selemani alikwenda polepole. Tulipoingia msituni, barabara ikanyooka, akakanyaga mafuta.

Kwanza nilihisi kiti kinanipeleka kushoto. Halafu kulia. Nikageuka. Tela lilikuwa linatikisa mkia, huku na huku, kila safari linakwenda mbali zaidi, na shingo yake inaruka na kulisukuma gari letu kiunoni. Nikolaus alikuwa amekumbatia gunia. Selemani akakaza usukani akiomba kwa Kiarabu, gari likasimama limekaa upande, na boti ikapiga ubavu kwenye kichuguu kilichokuwa kandokando ya njia.

Vumbi lilipotulia tukashuka. Kichuguu kilikuwa kimemeguka. Boti ilikuwa imechubuka ubao mmoja, rangi imetoka, lakini haikupasuka. Kamba za mzee hazikusogea hata kidogo. Nikolaus alipitisha kiganja pale palipochubuka, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayepapasa mtoto aliyeanguka.

"Imelegea mahali," akasema. "Tuongeze kamba."

Wakaongeza zile za katani. Tukaondoka. Selemani alipoongeza mwendo tu, mkia ukaanza tena.

Akasimamisha gari, akazima, akatoa mikono kwenye usukani. "Mtani, sikiliza. Nilikuja huku bara kutafuta maisha, sikuja kufa na Mnyamwezi na jahazi lake. Nitakwenda mwendo wa bibi harusi, basi."

"Kwa mwendo huo tutafika kesho kutwa," akasema Nikolaus.

"Tutafika wazima."

Nikolaus aliangalia kusini. Mawingu, ambayo siku nyingine yalisubiri jioni, yalikuwa yameshapanda na ilikuwa haijafika hata saa nne. Nilijua anafikiria ile mbuga nyeusi, na neno lake kwa mama yangu.

Tukaenda mwendo wa bibi harusi. Maili nne, tano. Mzee Lugembe akachoka na magunia ya chumvi, maana ni magumu kama mawe, akasema anahamia ndani ya boti ajinyooshe. Gari likasimama, akaingia, akajilaza kule mbele, upande wa shingo, akajifunika koti. Mtoto alikuwa analia, nikampakata nikimgeuza nyuma aone babu yake, ndiyo maana nami nilikuwa natazama nyuma. Selemani, kama walivyo madereva, akaanza kujisahau. Mguu ukazama taratibu. Miti ikaanza kukimbia. Na lile tela likafuata limenyooka kama mtoto wa shule.

Nikaangalia. Maili mbili hivi. Kisha Mzee Lugembe akaamka, akatia tumbaku mdomoni, akajikokota mpaka nyuma kabisa ya boti apate kutema nje bila kuwatemea watu. Alipokaa pale tu, mkia ukaanza. Selemani akapiga breki akilaani.

Sasa jambo nimeliona, kulisema ndiyo kazi. Mzee Lugembe ni baba mkwe wangu. Ile kazi aliipima yeye, mbele ya wazee wenzake. Mimi mke wa juzi, nimwambie mzee wa safari sita kwamba hajui kupima mzigo? Hata kumtazama machoni nilikuwa simtazami. Nikashuka na mtoto, nikapiga magoti kando ya njia, macho chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Asubuhi ulishanisalimu."

"Baba, nina kitendawili kimenikwama."

Selemani akakaa kwenye ubao wa gari akashika kichwa. "Tunakufa, shemeji anatega vitendawili."

"Tega, mama," akasema mzee.

"Mzee akikaa mbele, watoto wanalala. Mzee akikaa nyuma, watoto wanacheza ngoma."

Mzee akatafuna tumbaku. Aliniangalia mimi, akaangalia boti, akaangalia mahali alipokuwa amejilaza na mahali alipokuwa ameketi. Nikolaus alifungua mdomo, mzee akamnyamazisha kwa kidole. Akashuka, akaenda kwenye shingo ya tela, akaishika.

"Wewe Selemani, chomoa hiyo pini."

Selemani akachomoa. Mzee akainua shingo kwa kidole kimoja, kama nilivyoinua mimi uani. Akaishusha. Akainua. Kisha akacheka, kicheko cha kukohoa.

"Mzega," akasema. "Nimepima mzega. Lakini mwanangu, mzega chini yake nilikuwa mimi. Ukienda kushoto, kiuno changu kinaufuata. Ukitaka kuruka, goti langu linaukanya. Hili litakanywa na nani? Halina kiuno hili."

"Lakini baba, mzigo umelingana," akasema Nikolaus.

"Umelingana mno, ndiyo maana unacheza. Upeleke mbele, ulilalie gari. Gari ndilo liwe kiuno."

Nikolaus akaiangalia kazi yake. Ilimuuma, nilimwona, maana ule usawa ndio alioulalia anatabasamu. Halafu akavua shati.

Kazi ikawa kamba. Gome lilikuwa limekauka, limejikaza, halifunguki kwa kidole wala kwa jino, kama mzee alivyoahidi. Ikabidi zikatwe kwa kisu, na mzee akageukia pembeni zilipokuwa zinakatwa. Kisha akachukua shoka akaingia msituni. Pale ni miyombo mitupu pande zote, na kabla Alois hajamaliza kunyonya ziwa moja, mzee alikuwa amerudi na mafungu matatu ya gome bichi begani, linadondosha maji yake. Wakaivuta boti mbele shubiri tatu. Nikolaus akalibomoa tegemeo la nyuma akaligongomea mahali papya. Safari hii alipojaribu kuinua shingo ya tela kwa mkono mmoja, haikuinuka. Wakaiinua wawili, wanaguna.

"Sasa hiyo ndiyo shingo," akasema Selemani. "Ile ya kwanza ilikuwa ya kuku." Akamvua Nikolaus kofia, akaivaa. "Na hii ni fidia ya roho yangu. Ungeniua."

"Chukua," akasema Nikolaus. Kwa utani huwezi kusema vingine.

Basi tukaenda. Nikisema tulikwenda, tulikwenda. Sikonge tulisimama kushusha chumvi tu, tela limetulia nyuma yetu kama kondoo, na Mzee Lugembe amekatazwa kuhama gari. Tulipoifikia mbuga, matone ya kwanza yalianza kupiga bati la gari, moja hapa, moja pale. Selemani hakuuliza mtu. Alikanyaga. Udongo mweusi ulikuwa na nyufa za kumeza mguu, tukaruka mpaka meno yakagongana, na nyuma yetu boti ikaruka na tela, tela likaruka na boti, wakatua pamoja. Mvua ilipokamata kweli tulikuwa tumeshapanda kichanga cha ukingoni.

Mto ulikuwa mpana kuliko nilivyowahi kuuona, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo watu walikuwa wamejaa, wameitwa na mlio wa gari. Selemani alijaribu kurudisha tela nyuma majini, lakini kila akikata kushoto lenyewe linakwenda kulia, na watu wa ng'ambo wakaanza kupiga vigelegele vya kumcheka. Mwishowe wakachomoa pini, wakalisukuma kwa mikono. Boti ikaelea juu ya tela lake yenyewe, kimya, kama vile miezi yote ile uani ilikuwa inatufanyia mzaha.

"Mtani," akasema Nikolaus, "wewe ndiye mtu wa pwani. Shika makasia."

Selemani akakuna shingo. "Kwetu ni Kisarawe. Bahari nimeiona mara mbili, tena kwa mbali."

Kwa hiyo Nikolaus alitupeleka mwenyewe, mimi na mtoto. Tulizunguka kidogo katikati, akapatia. Kwa makasia mpigaji anakaa amekupa uso, kwa hiyo njia nzima nilimtazama jinsi alivyokuwa anahesabu kwa midomo.

Mama yangu alikuwa amebebwa kwa kiti mpaka kwenye maji. Alois aliingia mikononi mwake. Alimvua kikofia, akanusa nywele zake, akamgeuza akamkagua mgongo, miguu, vidole, kama mtu anayenunua. Nikolaus alikuwa amebaki kwenye boti, amegeuka, anaangalia mto kama hajawahi kuona mto.

Kisha mama akaashiria kwa kidevu. Kando ya kiti palikuwa na mzigo wa mkeka, umefungwa.

"Nimeufunga tangu Jumatatu, mto ulipokuja," akaniambia. "Masika haya sikai huku nikisimuliwa mjukuu. Nipandisheni."

Watu wakanong'ona. Si kwa sababu ya nyonga yake. Mpigaji makasia na abiria wanatazamana uso kwa uso, goti kwa goti, na mpigaji ni mkwe wake. Nikolaus alisikia, nikaona masikio yake yamesimama. Lakini mvua ilikuwa inaongezeka na ile mbuga haikuwa na subira.

Mama alifikiri, halafu akajitanda kanga kichwani. Wakampandisha, wakamketisha nyuma ya boti amempa mkwe wake mgongo, anatazama kijiji chake kinavyobaki. Mimi nikakaa katikati yao kwenye sakafu ya boti, kama ukuta. Alois alikuwa begani kwa bibi yake, na kwa kuwa bibi anatazama nyuma, mtoto alitazama mbele, moja kwa moja usoni pa baba yake. Nikolaus alikuwa anavuta makasia kwa nguvu zake zote, mashavu yamejaa, ulimi umetoka pembeni. Alois akaanza kucheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia anacheka kwa sauti, na hakuacha.

"Anacheka nini huyu?" mama akaniuliza, bila kugeuka.

"Anamcheka baba yake, mama."

Mama akampigapiga mtoto mgongoni. Tulikuwa tumefika katikati ya mto, na maji yalikuwa yanatuvuta kidogo.

"Mwambie baba yake asikaze hivyo," akasema. "Chombo ni chepesi. Kinakwenda vizuri."

Nikolaus alikuwa ameshasikia. Lakini nilimwambia hata hivyo.